Shule inataka kumhamishia mwanangu mwenye usonji darasa la stadi za maisha. Nina haki gani?

Mama Baraka
Ndugu zangu, tunaishi Louisville, Kentucky, Marekani. Mwanangu ana usonji, ana umri wa miaka 15, na ameanza sekondari. Hisabati anaiweza vizuri akipewa muda, lakini kelele za ukumbi wa chakula humlemea hadi anajifungia chooni. Katika kikao cha mpango wake wa elimu, yaani IEP, walimu walipendekeza asome siku nzima katika darasa la stadi za maisha, yaani darasa la pekee la wanafunzi wenye ulemavu linalofundisha mambo ya kila siku, na mwishoni apate diploma mbadala badala ya ile ya kawaida. Kaka yake ndiye aliyenitafsiria, na sina hakika kwamba nilielewa yote. Je, ninaweza kupinga?

Msaidizi wa Elimu Maalumu
Pole sana, Mama Baraka. Unaweza. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1975 kuhusu elimu ya wanafunzi wenye ulemavu, ambayo mwaka 1990 ilipewa jina la IDEA na kuutaja usonji kama aina ya ulemavu inayojitegemea, inataka mwanafunzi asome na wenzake wasio na ulemavu kwa kadiri inavyomfaa, na atengwe pale tu ambapo hata misaada ya ziada haitoshi kumwezesha kusoma katika darasa la kawaida. Basi waulize kwanza ni misaada gani imekwisha kujaribiwa. Kwa maelezo yako, kinachomsumbua ni kelele wala si masomo, na ruhusa ya kutoka darasani kabla ya kengele, mahali patulivu pa kulia chakula na muda wa ziada wa mitihani ni mambo yanayoweza kuandikwa katika IEP. Kabla ya kumhamisha, shule inalazimika kukupa taarifa ya maandishi yenye sababu zake. Ukiwasilisha malalamiko rasmi ya kisheria, kwa kawaida mtoto hubaki alipo hadi shauri liamuliwe. Mkalimani pia ni wajibu wa shule. Kaka yake aje kama ndugu, asibebeshwe kazi hiyo.

Baba Neema
Nakubaliana na aliyetangulia, ila suala la diploma lina uzito wa pekee. Diploma mbadala imekusudiwa wanafunzi wachache wenye ulemavu mkubwa sana wa akili, na kijana anayeimudu hisabati hapaswi kuelekezwa huko kwa sababu ya kelele. Fahamu pia kwamba diploma ya kawaida ndiyo inayokatisha haki ya huduma za elimu maalumu. Asipoipata, anaweza kuendelea kusoma hadi atimize miaka 21. Binti yangu alitumia miaka hiyo kujifunza kazi ya maktaba na kupanda basi peke yake, nasi tunashukuru.

Kwa kuwa mwanao anakaribia miaka 16, IEP yake lazima ieleze maandalizi ya maisha baada ya shule: mafunzo, ajira na, inapohitajika, kujitegemea. Mwombe yeye mwenyewe aseme anachotaka, kwa maandishi au picha kama kuzungumza kikaoni kunamtisha, kwa sababu akifika miaka 18 haki hizi nyingi zitahamia kwake.

Mama Baraka
Asanteni sana. Leo naandika barua ya kuomba kikao kipya na mkalimani.