Yule fundi kaniambia ninunue MTUMBWI. Mbele ya abiria!

Wakuu, leo sina salamu. Yule fundi mnamjua. Yule. Mzula kichwani joto lote hili, bisibisi sikioni kama kalamu ya karani. Kama umewahi kumiliki chochote kinachoelea kuanzia Msasani mpaka Kunduchi, basi ashakula hela yako.

Boti yangu ni ya mtumba, MerCruiser, injini ndani, mguu wenye pangaboi unaning'inia nyuma. Wiki mbili mguu unashuka ila haupandi. Nikibonyeza kupanda, kimya, kama nimemdai. Nikamwita. Akainamia pampu ya trimu, ile inayopandisha na kushusha mguu, dakika moja haikuisha, akatangaza mota imekufa. Mpya siiwezi, bei yake unaoa na chenji inabaki. Akaniletea "used ya Dubai", Sh 450,000, ufundi 80,000, iko ndani ya mfuko wa rambo. Rambo zimepigwa marufuku tangu 2019! Hata mfuko wake ni magendo.

Sasa leo asubuhi. Abiria tisa wa kisiwa cha Mbudya, maboya wameshavaa, mama mmoja kapakata hotpoti la pilau. Maji yanakupwa. Mguu umezama mchangani kama mnazi. Nabonyeza kushuka: safi, tena kwa kasi kuliko zamani! Kupanda: hamna. Nampigia, anakuja na mswaki mdomoni, anachungulia, anatema mate, halafu kwa sauti ya mpiga debe: "Mzee, kama boti imekushinda nunua mtumbwi."

MTUMBWI.

Mbele ya watu tisa walioshalipa. Mama wa hotpoti akacheka mpaka boya likampanda shingoni. Nimetoa laki nne na nusu, naambiwa nunua mtumbwi. Tumekaa pale kungoja maji yajae, pilau limeliwa hapo hapo mchangani, sikupewa hata tonge. Mtumbwi! Mimi!

Kasia Refu: Pole sana mkuu. Swali dogo tu, mtumbwi unaenda bei gani siku hizi?

Nahodha Hasira (mwenye uzi): Usianze.

Chumvi Nyingi: Huyo huyo alinitengenezea pampu ya kutolea maji. Ikawa inaingiza. Nilimpigia nikiwa nimesimama juu ya kiti cha usukani, akasema "si inafanya kazi lakini?"

Umeme wa Boti: Ngojeni kwanza. Inashuka ila haipandi? Mkuu, mota ni hiyo hiyo moja. Ikizunguka huku mguu unapanda, ikizunguka kule unashuka. Ikishusha, mara nyingi ni nzima, huenda umeuziwa dawa ya ugonjwa usio wako. Tazama rilei, zile swichi za kupeleka umeme kwenye mota, ziko mbili pale kwenye pampu: waya wa bluu wa kupanda, wa kijani wa kushuka. Zibadilishe nafasi. Ugonjwa ukihamia upande wa kushuka, rilei moja imekufa, na rilei hainunuliwi laki nne. Ile mota ya zamani unayo?

Nahodha Hasira: Aliondoka nayo. Alisema ni chuma chakavu, atanisaidia kuitupa.

Binti wa Feri: Akusaidie kuitupa 😂😂 Muda huu iko ndani ya rambo, inaitwa used ya Dubai.

Chumvi Nyingi: Nilinunua mota kwake Alhamisi. Naomba nisijibiwe.

Nahodha Hasira: Mnacheka. Mngekuwepo mkasikia alivyolitamka. Mtuuumbwi. Alilivuta.

Umeme wa Boti: Hata hizo rilei acha kwanza. Pale kwenye gia kuna kibonyezo kingine kimeandikwa TRAILER. Hicho kinapandisha?

Nahodha Hasira: Sijawahi kukigusa. Mimi sina treila.

Umeme wa Boti: …

Umeme wa Boti: Mkuu, kakibonyeze. Nje, pembeni ya mguu, kuna swichi ya kikomo, ndiyo inayozuia kibonyezo cha kupanda kisizidishe. Inaishi kwenye maji ya chumvi, ikioza au waya wake ukikatika kupanda kunagoma. Kibonyezo cha treila hakipitii kwake.

Kasia Refu: Nasubiri hapa na karanga zangu.

Nahodha Hasira: Nimerudi. Umepanda.

Binti wa Feri: Wiki mbili!! 530,000!! Kidole kimoja!!

Nahodha Hasira: HILO SILO SUALA. Suala ni mtumbwi. Mtu mzima unaambiwaje vile mbele ya wateja?

Mpemba Mtulivu: Samahani, nawasikia mnasema mtumbwi mtumbwi. Kwa bahari ya Mbudya angekwambia ngalawa, ina matengo, mbao za kuisawazisha huku na huku, haikupindui ovyo. Mtumbwi mtupu kusi likivuma ni shauri yako. Fundi kakosea hapo.

Kasia Refu: Kwa hiyo kosa la fundi ni hilo tu?

Mpemba Mtulivu: Ndilo kubwa.

Mama Friji: Bora nyie wa baharini. Mimi wa friji kaniambia linapoza ila mimi ndiye sina subira. Mwezi wa tatu huu, maziwa yanaganda yenyewe mtindi.

Chumvi Nyingi: Wa friji ana mzula?

Mama Friji: Anao. Mmemjuaje?

Kijana wa Bagamoyo: Mtumbwi wa mwembe upo, mmoja, hauvuji, hauna trimu. Mwenye uzi njoo PM.