Mliowahi kuchora mtu aliyewakalia pozi: hisia zilikukatalia wapi? Tupeane uzoefu

MkaaMweusi: Wakuu salaam. Jana nilikuwa napanga makaratasi ya zamani, nikakutana na mchoro ulionitoa jasho enzi zile, nikaona nisife nao peke yangu.

Tuliambiwa tuchore huzuni. Modo kakaa kwenye kigoda, dakika 20. Mimi huyo moja kwa moja usoni: nyusi nikazikunja, midomo nikaishusha, nikatia machozi mawili, na la kushoto nikaling'arisha kwa kifutio mpaka nikajipongeza kimoyomoyo. Mwalimu akaja, akafunika kichwa cha mchoro wangu kwa kiganja. "Huyu aliyebaki anasubiri nini?" Nikatazama. Kiwiliwili kimenyooka kama rula, mabega sawa, mikono imetulia mapajani. Mtu anasubiri kuitwa kwenye usaili! Darasa zima likaangua kicheko, modo naye akacheka, pozi likavunjika. Kumbe muda wote ule yule modo alikuwa amepinda mgongo, bega moja limezama, na mimi sikuona chochote maana nilikuwa nawinda machozi. Nyie wenzangu ilikuwaje?

PenseliButu: Kiganja! Nami nilifunikwa hivyohivyo. Sijapona.

BiVumbi: Mimi niliokolewa na michoro ya haraka. Sekunde 30 huna muda wa kope. Unatafuta mstari mmoja tu, kuanzia kisogoni, ushuke na uti wa mgongo mpaka kwenye kisigino kilichobeba uzito. Ukiukosa huo, saa nzima ya kutia vivuli ni sawa na kupaka rangi nyumba iliyoinama.

KichwaNgumu: Napinga. Uso ndio mtu. Huo mgongo hata mgonjwa wa kiuno anao.

BiVumbi: Kaka, mchoraji Van Gogh mwaka 1882 alimchora modo wake Sien Hoornik amekaa, kichwa kakifukia mikononi. Uso hauonekani kabisa, na mchoro akauita Huzuni. Nenda kautazame halafu urudi.

KichwaNgumu: Kwani wewe ni Van Gogh?

BiVumbi: Kwani wewe ni uso?

PenseliButu: 😂😂

NiliyeKaaPozi: Naona mnaongea wachoraji watupu. Mimi nilikuwa upande wa pili, niliyechorwa.

Siku hiyo waliomba hasira. Nisimame, mkono wa kulia juu, ngumi, kiuno kimegeuka, uzito mguu mmoja. Nikasema pozi hili dakika tano zinatosha. Wakaniambia jikaze, 20 tu. Dakika ya nne mkono ukawa mzito kama si wangu. Ya nane vidole vinawaka ganzi. Nikakaza magoti ili nisiyumbe, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hapo ndipo unapojimaliza: ukisimama muda mrefu magoti yamekazwa, damu inatuama miguuni. Nilikuwa nimekodolea msumari kwenye ukuta wa mbele. Nasikia mwalimu, "Tazameni bega linavyotetemeka, hasira hiyo!" Msumari ukawa miwili.

Nilipozinduka miguu yangu imeinuliwa juu ya kiti, na kuna mmoja bado anachora. Wallahi anachora!

Baadaye nikapita kutazama michoro. Karibu wote bega limepanda sikioni, shingo imemezwa, kidole gumba kimejificha ndani ya ngumi. Chini wameandika "Hasira". Binti mmoja wa nyuma, hakuwa na maneno mengi, yeye aliandika "Amechoka". Nilimwomba ule mchoro, ninao mpaka leo.

Kifutio: Jamani. Pole sana dada. Halafu walikulipa au walikata dakika ulizolala?

PenseliButu: Huyo aliyeendelea kuchora umeshamsamehe?

KichwaNgumu: Mimi namwelewa. Pozi la kuanguka hulipati kila siku.

BiVumbi: Na ndiyo maana unachora nyuso tu.

MzeeWaKigoda: Wapangaji wa madarasa, sikieni. Mkono uliopita kichwa ni pozi la dakika moja, mbili. Pozi refu mpe modo kitu cha kuegemea, na mbandikie tepu sakafuni kuzunguka nyayo ili akitoka kupumzika arudi palepale. Magoti legeza. Modo akisema basi, ni basi.

MkaaMweusi: Wakuu, uzi ni wa hisia, si wa kuzimia 😅 Turudi. Mnafanyaje ili pozi liseme?

Kifutio: Zidisha. Mgongo ukipinda kidogo, wewe upinde kwelikweli. Karatasi huwa inapunguza.

MzeeWaKigoda: Usizidishe. Utatoka na katuni. Pima kwanza kwa penseli uone bega na nyonga zinainamia wapi. Mtu akitupa uzito mguu mmoja, nyonga ya upande huo inapanda na bega lake linashuka. Chora hilo kwa uaminifu, hisia itakuja yenyewe.

Kifutio: Haiji.

PenseliButu: Mimi hukaa mwenyewe lile pozi kabla ya kugusa mkaa, nijue uzito unaumia wapi. Juzi nimejikunyata chini kujaribu, mama akafungua mlango akauliza nani kafariki.

BiVumbi: Basi pozi lilifaulu.

MzeeWaKigoda: Ila msidhani huzuni lazima ijikunje. Käthe Kollwitz, msanii wa Kijerumani, alimpoteza mwanawe Peter vitani 1914. Sanamu zake za wazazi wanaoomboleza zilisimikwa Ubelgiji 1932: mama ameinama, baba amepiga magoti ila mgongo umenyooka, mikono kajikumbatia kama anayejizuia asipasuke. Msiba ni mmoja. Mimi baba ndiye anayenimaliza.

NiliyeKaaPozi: Hiyo ya kujikumbatia naijua. Na inakalika hata dakika 20.

KichwaNgumu: Nimerudi, nimemtazama huyo Sien. Sijasema nimekubali.