Tupeane uzoefu: Uliipangaje safari ya mlimani, Meru au Kilimanjaro, ukiwa na familia?

Habari za jioni wanajamvi.

Mimi ni mzaliwa wa Kibosho, chini ya Mlima Kilimanjaro. Asubuhi za kwenda shule mlima ukitoka mawinguni tulikuwa tunasimama barabarani kuutazama, halafu tunakimbia tusichapwe kwa kuchelewa. Leo nina miaka 41 na sijawahi kuvuka geti la hifadhi hata siku moja. Wageni wanavuka bahari kuja kuupanda, sisi tunawapungia mkono wakipita. Hilo linaniuma kweli.

Mwaka huu tukienda nyumbani Desemba, nataka tutoe siku nne au tano kati ya Krismasi na mwaka mpya. Tutakuwa mimi, mke wangu, watoto wawili (miaka 9 na 13), na mama yangu wa miaka 68 ambaye ameshasema haachwi nyuma. Tunataka milima, tutembee kwa miguu, tuone na wanyama. Mliokwishafanya, tafadhali simulieni ilivyokuwa, pamoja na yale mliyokosea. Nitasoma kila neno.

mamaTumsifu

Karibu kaka, na hongera kwa kumfikiria mama.

Mimi nilikwenda Marangu na wanangu wawili Februari, siku moja tu, mpaka kituo cha Mandara na kurudi. Mandara ni mita 2,720, bado uko msituni, kwa hiyo hata huyo wa miaka 9 anaweza. Kileleni ndiko chini ya miaka 10 haruhusiwi.

Kosa langu lilikuwa kulala Moshi mjini. Daladala hadi Marangu Mtoni, kutafuta gari la kutupandisha getini, kujiandikisha, mpaka tunaanza kutembea saa tano ilikuwa imekaribia. Kupanda kwa mwendo wa watoto kulichukua saa tatu na nusu, na kushuka tulikimbizana na giza. Lala Marangu kaka, saa mbili asubuhi uwe getini. Beba kitambulisho cha taifa ulipe kiwango cha mwananchi, na vyeti vya watoto. Malipo yanakwenda kwa kontro namba, usitegemee kuhesabu noti pale dirishani.

Ila msitu wenyewe! Ndevu za kijani zinaning'inia kwenye matawi, maji yanadondoka hata siku isiyo na mvua. Mwongozaji wetu alituinamisha kando ya njia akatuonyesha ua dogo kuliko kidole gumba, jekundu lenye njano, limejikunja kama mkonga wa tembo. Akasema ua hilo duniani kote linaota Kilimanjaro tu. Mwanangu wa pili alikaa chini akalichora kwenye daftari, tukamsubiri. Yule mwongozaji hakutuharakisha hata kidogo, na mpaka leo namshukuru.

Ukifika Mandara usigeuze. Tembea dakika kama ishirini mpaka kreta ya Maundi. Kukiwa kweupe unaona nyanda zote mpaka upande wa Taveta.

BintiUsaRiver

Kwa ajili ya mama, anzeni na Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Nasema hivi kwa sababu bibi yangu nilimpeleka akiwa na miaka zaidi ya sabini, na magoti yake hayakuwa mazuri.

Unaingilia geti la Ngongongare kwa gari. Dakika chache tu unakuta ule uwanda wanaouita Serengeti Ndogo, na twiga, pundamilia, ngiri na nyati wote wako hapo. Simba hakuna, kwa hiyo usiwaahidi watoto. Halafu mnapanda ukingo wa Ngurdoto kuchungulia kreta kutoka juu (kushuka ndani hairuhusiwi), na mchana mnamalizia maziwa ya Momella. Maji yake ni ya magadi, ndiyo maana ndege heroe (flamingo) wanayapenda. Kuna msimu wanakuwa wengi mpaka ukingo wa ziwa unakuwa wa waridi, na kuna siku utawakuta wachache. Watoto wenye nguvu wanaweza kupiga kasia kwenye mtumbwi Momella Ndogo huku mama amekaa kivulini.

Kitu ambacho bibi hakusahau ni mbega. Kundi lilikuwa juu ya mti karibu na barabara, dereva akazima gari. Mmoja akaruka kutoka mti huu kwenda ule, yale manyoya meupe yakafunguka mabegani kama shuka, na mkia ukafuata nyuma. Bibi akasema, "Zamani hawa walikuwa wanakuja mpaka kwenye migomba yetu." Akaanza kusimulia mambo ya utotoni ambayo mimi na mama yangu hatukuwahi kuyasikia. Tulikaa pale karibu saa nzima. Kwa hiyo usibane ratiba, kaka. Siku nzima muipe hifadhi hii peke yake.

Kibosho (mwanzisha uzi)

Dada BintiUsaRiver, umenigusa. Mama naye amekulia pembezoni mwa msitu. Je, kuna aliyepanda Meru wenyewe? Nafikiria mimi na mke wangu tuchukue siku zetu baadaye, watoto wakibaki na bibi yao.

Ngarenanyuki82

Nimepanda mara mbili. Mara ya kwanza nilishindwa kufika, ndiyo nitakayoisimulia.

Meru ni mita 4,566. Watu wanasikia ni mfupi kuliko Kilimanjaro wanaudharau. Tulikuwa watatu: mimi, rafiki yangu, na shemeji yangu ambaye ni mcheza mpira na ana pumzi kuliko sisi wote. Tukapanga siku tatu, tukisema siku ya nne ni gharama bure.

Siku ya kwanza unatoka Momella na askari mwenye bunduki, maana njia inapita katikati ya makazi ya nyati na tembo. Tulipokatiza ule uwanja wa nyasi askari akainua ngumi, wote tukasimama. Nyati dume alikuwa ametutazama, hatua kama arobaini, shingo imejaa matope yaliyokauka, na ndege wawili mgongoni. Nilikuwa nasikia anavyopumua. Askari hakuinua bunduki. Alitusogeza kando taratibu, mmoja mmoja, mpaka yule mnyama akarudi kula. Baadaye akatueleza kwamba nyati aliye peke yake ndiye wa kuogopwa, wa kwenye kundi ana nafuu.

Kituo cha Miriakamba tulilala vizuri. Kesho yake kituo cha Saddle, mita 3,570, na jioni ile ile tukapanda Meru Ndogo, mita 3,820, ili mwili uzoee. Shemeji hakuja, alisema anapumzika. Kumbe kichwa kilikuwa kinamgonga tangu mchana na chakula hakikupita, akaona aibu kusema. Saa saba usiku tukaanza. Tulipofika Rhino Point akatapika mara mbili, na alipojaribu kutembea akawa anayumba. Mwongozaji alimmulika usoni, akamuuliza jina la mtoto wake. Akachelewa kujibu. Safari yetu wote ikaishia pale.

Tuligeuka gizani na sikusikitika. Tuliposhuka mpaka Miriakamba alikuwa anakula na kuongea. Dawa ya ugonjwa wa urefu wa mlima ni kushuka, na kushuka mapema.

Mara ya pili tulichukua siku nne, tukakubaliana kila mlo kila mtu aseme hali yake. Kwenye ule ukingo mwembamba wa miamba maji yaliganda kwenye chupa. Kulipopambazuka, Kilimanjaro ilikuwa imeelea juu ya mawingu upande wa mashariki, na chini ya miguu yetu shimo la kreta lenye koni ya majivu katikati. Shemeji alilia. Mimi pia.

Kaka, siku hiyo ya nne ilipe.

MgumuMstaafu

Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka kumi na minne, njia ya Marangu na Machame. Nitasema machache.

Mgumu, yaani mbeba mizigo, anatakiwa asizidishe kilo 20 za mgeni, na mzani upo getini. Simama pale uone mzigo ukipimwa. Uliza wagumu wako watakula nini na watalala wapi kabla hujalipa, maana bei ikishushwa sana, kinachopungua ni chakula chetu na hema letu. Nimeshalala njaa kituo cha Horombo, mita 3,720, nimevaa sweta moja, wakati wageni wangu hawajui lolote. Ukiwa mwananchi mwenzetu ukatuuliza "mmekula?", hilo linatembea mlima mzima.

Nguo zipatikane mapema: soksi nzito, kofia ya sufi, glavu, koti la mvua, tochi ya kichwani na betri za akiba. Buti lazima ulivae wiki mbili nyumbani. Mpya kabisa litakutoa kucha. Kunywa maji hata kama huna kiu. Na "polepole" tunayowaambia wageni nanyi inawahusu, hasa vijana.

mamaTumsifu

Naongeza: mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, ilishapigwa marufuku nchi nzima tangu 2019. Vuli ikichelewa kukatika, Desemba mwishoni bado unaweza kunyeshewa, kwa hiyo koti la mvua ni la kila mtu.

Mwanakwetu_Sakina

Mimi nilitapeliwa. Nilituma fedha yote kwa mtu niliyempata mtandaoni, siku ya safari simu haipokelewi, na watoto wamevaa tayari wamekaa sebuleni na mabegi. Uso wa binti yangu siku ile siusahau. Ombeni kuona leseni ya kampuni, fikeni ofisini kwao kwa miguu yenu, na msitoe yote kabla ya kuanza.

Kibosho (mwanzisha uzi)

Poleni kwa mliyopitia, na asanteni kwa kuyasema wazi.

Nimekaa na mke wangu tumeipanga upya. Desemba 27 siku nzima Hifadhi ya Arusha na mama na watoto, bila kitu kingine. Tarehe 28 tupumzike na kusogea Marangu kulala. Tarehe 29 Mandara na Maundi, mama atatusindikiza mpaka getini, kisha ashinde Marangu kwa dada yake. Meru tumeiahirisha mpaka Julai, mimi na mke wangu, siku nne kamili.

Nimempigia mama kumsomea yote. Alinyamaza, halafu akauliza kama mbega wale bado wapo. Nikamwambia wapo. Sasa anasema naye anataka buti, atembee japo kidogo pale ukingo wa Ngurdoto. Tukifika nyumbani nampeleka soko la Memorial pale Moshi, anavaa namba 38. Mwenye kufahamu kibanda chenye buti za mitumba nzuri za kike, laini kifundoni, anielekeze.