Laptopu zetu si dhaifu, skripti mliyotupa ndiyo mbovu

Wadau, nimekasirika na sitaficha. Tuko watu kumi na wanne wa mwaka wa tatu, chuo kimoja hapa Kisumu, na wote tumepewa sufuri kwenye zoezi la mifumo endeshi kwa kosa ambalo si letu.

Zoezi lilikuwa kuwasha Linux juu ya prosesa ya RISC-V (aina tofauti na za laptopu zetu) ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nyingine, kisha tuongeze kitu chetu kwenye kerneli, kiini cha Linux. Tukapewa flashi yenye faili la kerneli, imeji ya diski ya giga 4 na skripti ya kuwashia. Skripti msiiguse, tukaambiwa. Ukiiendesha, nembo ya OpenSBI, programu inayowaka kabla ya Linux, inajichora, halafu kimya. Hata herufi moja haifuati. Dakika kumi, saa moja, usiku mzima.

Tukauliza. Jibu la mhadhiri: "Laptopu zenu ni dhaifu, subirini." Tukaamini, maana prosesa ya kuigizwa huwa pole kweli: laptopu ya Intel haielewi maagizo ya RISC-V, lazima QEMU iyatafsiri kwanza. Mwenzetu wa Nyalenda aliiacha yake hadi saa kumi alfajiri, stima ikapotea, akaanza upya. Mwingine alikopa pesa kwenye chama cha mamake akanunua RAM. Pesa ya chama, wadau! Nani atairudisha?

Mimi nilishtuliwa na feni. Laptopu inayotafsiri maagizo hupata moto na kuvuma. Yangu ilikuwa baridi. Kuangalia, QEMU haitumii hata asilimia 5 ya prosesa. Nikabonyeza Ctrl-a kisha c kuingia kwenye amri za QEMU yenyewe, nikaandika info registers, nikarudia na kurudia: pc, yaani anwani ya agizo prosesa ilipofikia, iko palepale, kwenye agizo la wfi. Yaani prosesa imelala, inangoja kuamshwa. RAM ya kukopa ingesaidia nini hapo?

Nikaifungua ile skripti tuliyokatazwa. Juu imeandikwa -M virt, yaani mashine ya kuigizwa tu, si nakala ya bodi yoyote halisi. Chini yake: console=ttySIF0 root=/dev/mmcblk0p2 rootwait.

Wanaojua wameshaona. ttySIF0 ni mlango wa maandishi wa chipu za SiFive. Mashine ya virt haina mlango huo, wake ni ttyS0. mmcblk0p2 ni sehemu ya pili ya kadi ya SD, na skripti hiyohiyo imechomeka diski ya virtio, yaani diski ya kuigizwa, ambayo Linux huiita vda. Halafu rootwait inaiamuru kerneli ingoje diski hadi itokee, bila kikomo. Kwa hiyo kerneli iliwaka vizuri tangu siku ya kwanza, ikatafuta kadi ambayo haipo, ikaketi kuingoja, na kila ilichosema kikapelekwa kwenye mlango ambao haupo. Kama konsoli, yaani huo mlango wa maandishi, peke yake ingekuwa sahihi, tungesoma kosa usiku uleule wa kwanza.

Nilibadilisha maneno mawili tu: console=ttyS0 root=/dev/vda2. Haikupita dakika moja, ikaniomba jina la kuingilia. Kwenye laptopu ileile dhaifu.

Amri za bodi halisi zilibandikwa kwenye virt, na hakuna mtu aliyeziendesha hata mara moja kabla ya kutugawia. Wiki tatu zetu zimeenda hivyo. Nilipompelekea mhadhiri ushahidi hakuutazama, akasema muda wa kuwasilisha umepita. Muda upi, ikiwa kitu chenyewe hakikuwezekana kufanywa?

Wanadarasa mlio humu: badilisheni hayo maneno mawili, hifadhini maandishi yote kuanzia OpenSBI hadi mnapoingia, mnitumie kabla ya Jumapili usiku. Jumatatu saa mbili asubuhi tunaingia ofisi ya mkuu wa idara pamoja. Tunataka kazi zipokelewe na zisahihishwe upya, za wote kumi na wanne.