Mtazamo wa wanafunzi wa udaktari kwa wazee: tuupime kwa dodoso?

Mtoa mada, Mbeya
Kuna hoja kwamba mwanafunzi wa udaktari ajaze dodoso la mtazamo wake kwa wazee, na alama ziingie kwenye matokeo yake. Vipimo vipo, kwa Kiingereza. Cha mtafiti Kogan cha mwaka 1961 kina sentensi 34 kwa jozi 17, moja ya kusifu, moja ya kuponda. Cha UCLA, chuo kikuu cha Marekani, cha 1998 kina sentensi 14, majibu 1 hadi 5. Kupima naunga mkono. Kuingiza kwenye matokeo, hapana. Mnasemaje?

Mtakwimu, Iringa
Alama ikiingia kwenye matokeo, kipimo kimekufa. Kila mwanafunzi anajua jibu la kupendeza. Dodoso hizi zinafaa kulinganisha kundi na kundi, au kundi lilelile kabla na baada ya kipindi chao cha mafunzo wodini. Si kumhukumu mtu mmoja.

Jina lisiandikwe. Kila mmoja atumie alama ya siri asiyoweza kuisahau, mfano herufi mbili za jina la mama na tarehe ya kuzaliwa. Bila hiyo huwezi kuoanisha karatasi ya kwanza na ya pili. Akusanye mtu asiyesahihisha mitihani yao. Halafu, kwenye zile sentensi 14, 9 ni za kuponda, na wakati wa kuhesabu alama zake hugeuzwa: 1 inageuzwa 5, 2 inakuwa 4. Ukisahau kugeuza, alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha kama sentensi za dodoso zinakubaliana, inaporomoka, hata chini ya sifuri, na lawama zinakwenda kwa mfasiri.

Maswali 25 ya mtafiti Palmore ya 1977 msiyachanganye humu. Yale yanapima maarifa kuhusu uzee, si mtazamo.

Mfasiri, Tukuyu
Mfasiri naye ana ya kujibu. "Mzee" kwetu si umri tu. Ni baba, ni bosi, ni mwenye kauli. Ukiandika "wazee", heshima imeshaingia kabla mtu hajajibu, na alama zinapanda bure. Andika "wagonjwa wa miaka 60 na zaidi", umri wa Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003.

Sentensi kanushi nazo zinapoteza watu. Mtu hajala, ukamuuliza "Hujala?", anajibu "Ndiyo". Sasa mpe "Wazee hawana mchango mkubwa" achague "Sikubali": anakana kilichokwisha kukanwa. Andika "Mchango wao ni mdogo". Ile sentensi ya UCLA kwamba kuwatunza wazee ni jukumu la jamii ndiyo mbaya zaidi. Anayeamini mzazi hutunzwa na wanawe atakataa, na atahesabiwa kuwa hawapendi wazee!

Wafasiri wawili, kila mmoja peke yake; wa tatu arudishe Kiingereza bila kuona asili; kisha wanafunzi 10 wasome kwa sauti wakieleza wanavyoelewa.

Muuguzi, Rungwe
Karatasi haitamwona mwanafunzi mbele ya bibi anayejua Kinyakyusa tu. Anamgeukia binti wa bibi huyo, dakika 15 nzima, na bibi yupo palepale. Mwanafunzi huyo anaweza kupata 60 kati ya 70 kwenye dodoso lenu. Mtazameni wodini. Amemsalimia nani? Ameuliza dawa zote, na za mitishamba? Amepima presha baada ya dakika 5 za kulala, kisha dakika ya 1 na ya 3 akiwa amesimama?

Mwalimu wa kliniki, Mbeya
Nakubali kuhusu binti. Lakini presha ya kusimama ni ujuzi. Anayewachukia wazee anaweza kuipima vizuri sana. Na akijua anatazamwa, ataigiza.

Kuna njia isiyohitaji macho. Mwanafunzi anapoachiwa achague mgonjwa wa kuandika historia yake, anachagua nani? Chukueni wiki 8, wodi moja, mlinganishe umri wa waliochaguliwa na wa waliolazwa. Waondoeni wasioweza kuongea, mfano waliopooza kwa kiharusi, la sivyo mtaita ubaguzi kitu ambacho ni ugumu wa kazi.

Mtakwimu, Iringa
Hiyo naikubali kuliko zote. Ila wodi yenye wagonjwa 6 wa miaka 60 na zaidi haitoshi kusema lolote. Je, daftari la mwanafunzi lina safu ya umri?

Mwalimu wa kliniki, Mbeya
Ya umri ipo. Isiyokuwepo ni ya lugha ya mgonjwa.

Muuguzi, Rungwe
Basi iongezwe kabla ya kundi lijalo kuingia wodini.