Mawakala wa shule za lugha ya Kijapani, mnawaficha nini wazazi wetu?

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika nikiwa Tokyo, tena kwa hasira, kwa sababu kila shule zinapopokea wanafunzi wapya, iwe Aprili, Julai, Oktoba au Januari, vijana wetu wanazidi kuletwa huku kwa maneno yaleyale niliyoambiwa mimi: kwamba shule zote za lugha ya Kijapani ni sawa, na kwamba ada mtu ataipata kwa vibarua akishafika.

Haipatikani. Nyuma ya kadi ya ukaazi ya mwanafunzi mwenye kibali cha kazi umegongwa muhuri unaomtaka asizidishe saa 28 kwa wiki, na muhuri huo wakala wangu hakuutaja hata mara moja. Kima cha chini cha mshahara hapa Tokyo kilichoanza Oktoba 2024 kilikuwa yen 1,163 kwa saa; kwa kiwango hicho, aliyefanya saa zote alizoruhusiwa aliambulia kama yen 130,000 kwa wiki nne kabla ya makato. Toa humo kodi ya chumba, chakula, bima ya afya na nauli ya treni, kisha utafute ada ambayo kwa shule nyingi ni yen 700,000 hadi 800,000 kwa mwaka. Anayezidisha saa ili azibe pengo hilo anahatarisha viza yake, na siku hiyo wakala hapokei simu.

Linaloniuma zaidi ni darasa lenyewe. Shule niliyopelekwa imejaa wanafunzi kutoka China, ambao sina ugomvi nao hata kidogo, lakini wao wamekua wakisoma kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina zinazotumika katika Kijapani, tangu utotoni. Mwalimu akiandika sentensi ubaoni, wanaipata maana kabla hajaisoma, wakati mimi bado natenganisha mistari ya herufi ya kwanza. Anapofuta ubao sijamaliza kunakili. Zipo shule zenye madarasa maalumu ya wasiotoka nchi za kanji, na zipo zinazoeleza wazi wahitimu wao wameingia vyuo gani na wamefaulu ngazi gani ya JLPT, mtihani wa kupima ujuzi wa Kijapani. Nilipomuuliza wakala kwa nini hakunieleza hayo, alinijibu kwamba hii ndiyo shule anayofanya nayo kazi. Maana yake nimekuja kuijua baadaye: inamlipa kamisheni kwa kila mwanafunzi anayempeleka.

Kuhama nako si jambo jepesi. Shule nyingi hazipendi kupokea mwanafunzi wa shule nyingine katikati ya kozi, kurudishiwa ada ni vita, na ukiacha shule unatakiwa kuiarifu Idara ya Uhamiaji ndani ya siku 14.

Tangu Aprili 2024 ipo sheria inayoipa Wizara ya Elimu ya Japani jukumu la kuzithibitisha shule hizi, na majina ya zilizothibitishwa yanatangazwa hadharani. Shule za zamani zimepewa muda wa mpito, kwa hiyo kutokuwamo katika orodha hakutoshi kuihukumu shule. Hata hivyo, mtu anayepokea fedha za mzazi aliyeuza shamba hana udhuru wa kutoitaja orodha hiyo.

Mawakala mliomo humu, jibuni hapahapa kwa maandishi: shule mnazotupeleka zimethibitishwa au bado, zina madarasa ya wasiojua kanji au hazina, na zinawalipa kiasi gani kwa kila mwanafunzi?