Protobuf inakompaili kwenye laptop, kwenye STM32 inagoma

mtoto_wa_igombe
Wakuu habari za jioni. Niko Igombe hapa Mwanza, natengeneza kifaa cha kupima oksijeni kwenye vizimba vya sato, maana alfajiri ikishuka sana samaki wanakufa mwenye kizimba bado kalala. Bodi ni STM32F407 (kompyuta ndogo ya chipu moja, haina Linux), inakaa kwenye kibanda cha mlinzi na ina Ethernet. Vipimo nataka kuvituma kwa Protobuf (mfumo wa Google wa kupanga data kwenye baiti chache), nimeandika faili la .proto lenye muundo wa data, protoc (jenereta yake) ikanizalia kodi za C++, .pb.cc na .pb.h, kwenye Ubuntu vinakubali vizuri tu ila nikija na arm-none-eabi-g++ (kompaila ya hiyo bodi) inasema haioni google/protobuf, nikaielekeza kwenye heda za /usr/include ndo ikazidi, makosa kibao, na sys/socket.h (heda ya soketi, za kutuma data kwenye mtandao) haipo. Siku ya 2 hii sijalala. Nakosea wapi?

fundi_kirumba
Mkuu toa kwanza hiyo /usr/include kwenye Makefile, hizo heda ni za Linux ya laptop yako. Hata ukilazimisha, libprotobuf (maktaba ya Protobuf) uliyonayo ni ya x86-64, prosesa ya laptop, na hiyo chipu ni Cortex-M4 ya ARM, linka inayounganisha programu itaikataa. Kuijenga upya kwa ARM pia usihangaike, ile imeandikwa kwa mashine yenye thredi na memori ya kumwaga, wewe una RAM kilobaiti 192. Chukua nanopb, Protobuf ndogo ya chipu kama hiyo. Jenereta yake unairan kwenye laptop, inatoa C tupu, unaikompaili pamoja na pb_common.c, pb_encode.c na pb_decode.c basi, na malloc (kuomba memori programu ikiwa inarun) haigusi usipoiruhusu mwenyewe.

dada_wa_soketi
Naongezea hapo, kama una sehemu ya maandishi weka faili la .options, mfano `Kipimo.jina max_size:16` (herufi 15 na sifuri ya mwisho), bila hivyo jina linageuka pb_callback_t, yaani unaandika funksheni yako ya kulishughulikia, na utazunguka sana. Soketi newlib (maktaba ya C ya hiyo kompaila) haina kabisa, weka lwIP, maktaba ya mtandao ya vifaa vidogo. Lakini lwip/sockets.h inataka RTOS (mfumo endeshi mdogo) chini yake, kama huna tumia funksheni za lwIP za kutuma pakiti za UDP, udp_new na udp_sendto, moja kwa moja, kwa kipimo kidogo kama hicho zinatosha.

mtoto_wa_igombe
Asanteni sana ndugu zangu, imekompaili! Imebaki kosa la kulinki, undefined reference to `_sbrk`.

fundi_kirumba
Hiyo ni printf yako inaomba memori. Ongeza --specs=nosys.specs kwenye kulinki, inaleta _sbrk ya kujazia.

mtoto_wa_igombe
Imepita mkuu. Pakiti ya kwanza imefika kwenye laptop sasa hivi, jina K4 na oksijeni 6.2, yote baiti 9. Kesho kabla hakujapambazuka naipeleka kibandani.